Chai ya Tufani

Kazi ya chupa ilikuwa ya Dada, na mtu mwingine hakuruhusiwa kuigusa. Siku ya onyesho aliinjika maji kabla hajanawa uso. Majani ya chai aliyapima kwa kiganja, akayaacha yatokote mpaka rangi ikolee, kisha akachuja kwa kitambaa cha pamba, akachuja tena, maana chembe moja ya jani ikionekana inaelea ndani ya chupa mchezo umekwisha. Sukari hakutia, kwa sababu sukari huifanya chai iwe nzito na kunata kooni. Ikishapoa aliipeleka dirishani kwenye mwanga, akailinganisha na chupa halisi ya pombe kali iliyofungwa kiwandani, akaongeza maji kidogo au chai kidogo mpaka zikawa pacha. Ndipo akaimimina kwenye chupa tupu yenye nembo, akazungusha kifuniko cha bati na kukibana kwa tone la gundi, ili kitakapofunguliwa kitoe ule mlio wa chupa mpya: kra!

Mlio huo ndio uliokuwa ukiwalisha. Mdogo wake, ambaye mji mzima ulimwita Tufani na hata yeye mwenyewe alikuwa karibu asahau jina alilopewa na mama yake, alisimama katikati ya jukwaa, muziki ukakatika, akakisogeza kifuniko kwenye kipaza sauti, kra, na watoto wa watu wakapagawa. "Kausha! Kausha! Kausha!" Naye akapinda shingo, akaimaliza chupa kwa mkupuo mmoja, akafuta mdomo kwa mkono, hakuyumba, akaanza kuimba. Mlevi asiyelewa. Sifa hiyo ilimfikisha mbali kuliko sauti yake, kwa sababu sauti yake, tusidanganyane, ilikuwa ya kawaida tu.

Na mlevi mwenyewe hakuwahi kuonja pombe hata tone. Alikuwa na vidonda vya tumbo tangu ujana wake, akila pilipili analala amejikunja mpaka asubuhi. Chupa ya kwanza alipanda nayo jukwaani kwa sababu ya woga: magoti yalikuwa yanamcheza na mikono haina kazi, dada yake akamwambia, shika hii, jifanye unakunywa. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakamwita tena. Tangu siku hiyo si yeye aliyeishika chupa, ni chupa iliyomshika yeye.

Siri waliijua yeye, Dada na Meneja wake. Wa nne alikuwa binti wa Dada, kwa kuwa huwezi kuficha sufuria kwa mtoto anayekula jikoni humo humo. Huyo alikalishwa chini akaapishwa.

Ijumaa moja, siku ya kufunga shule, Dada alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi wa mazoezi, pini mdomoni, akipinda koti la kijani la onyesho la kesho yake. Mwenye koti amesimama juu ya kiti anapiga miayo. Meneja anazunguka ukumbi na simu mbili, moja kila sikio, anajisifia. Safari hii onyesho lilikuwa la mchana, la vijana waliomaliza muhula, na Tufani hangekausha peke yake. Ukumbi mzima ungekausha naye kwa pamoja. "Njoo na chako," ndivyo mabango yalivyosema mji mzima, na chini yake, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani: soda tu.

Dada alikwisha kumuuliza Meneja kuhusu bango hilo. "Imeandikwa soda, Dada," Meneja alimjibu. "Sasa mimi niwapekue watoto wa watu mifukoni?" Akacheka, na Dada akaendelea kushona. Hilo la kuendelea kushona lilikuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Binti yake aliingia na sare ya shule, kiatu kimoja, uso umelowa.

"Mama, amekufa! Mama, nadhani amekufa!"

Dada akatema pini. "Nani? Sema vizuri, nani?"

"Mwenzangu! Wa dawati langu! Mtoto wa Msusi!"

Msusi walimjua wote pale ukumbini. Ndiye aliyewasuka wacheza shoo wa Tufani, mwanamke wa mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, na binti yake na binti wa Dada walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Habari ikatoka vipande vipande. Walikuwa nyuma ya stoo ya shule, wanaagana. Mtu katoa kichupa cha plastiki, kile cha pombe kali cha kubana mfukoni. Wenzake wamemzunguka mtoto wa Msusi wanapiga makofi, kausha, kausha. Kakinywa chote. Kafuta mdomo kwa mkono, kaanza kuimba wimbo wa Tufani, kaimba mstari wa kwanza, kaanguka kama gunia. Wenzake walicheka. Walidhani anaigiza. Mwalimu alipofika walikuwa bado wanacheka.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeshika simu. Narekodi."

Mkono wa Dada ukapanda wenyewe. Mtoto hakukwepa wala hakufumba macho.

"Nipige tu, mama. Lakini mimi nilijua ni chai. Pale nyuma ya stoo nilikuwa najua peke yangu. Nilitaka kumwambia, maneno yalifika hapa," akajishika koo, "nikakumbuka ulivyoniapisha. Ulisema nikifungua mdomo nitakuwa nimemkata mjomba riziki. Basi nikaufunga."

Mkono ukabaki hewani. Juu ya kiti Tufani alikuwa amegeuka rangi, pini zimening'inia kwenye pindo. Meneja alikata simu zote mbili.

"Hiyo video iko wapi?" akauliza. "Iko kwako tu au umeshawatumia watu?"

Hakuuliza mtoto yuko hospitali gani. Dada alimtazama, akahisi damu inampanda kichwani kwa namna ambayo hakuwahi kuihisi tangu amzae huyu binti. Akamshika mwanawe mkono, akatoka naye hivyo hivyo, kiatu kimoja.

Msusi alikuwa kwenye benchi la korido ya hospitali, aproni ya kazi bado imemganda mwilini, vipande vya nywele za wateja vimejaa kifuani. Ndani walikuwa wamemtundikia mtoto dripu. Daktari alikwisha kusema mambo mengi, na Msusi alishika moja tu: tusubiri.

Dada akakaa kando yake. Alitarajia matusi, alijiandaa kwa matusi. Badala yake Msusi akamshika goti.

"Simlaumu mdogo wako, mwenzangu," alisema, sauti imekauka. "Watu watasema, lakini mimi simlaumu. Kila mtu na tumbo lake. Mungu kampa yeye tumbo la chuma. Huyu wangu kajidanganya, kadhani na yeye analo."

Wema ule Dada hakuuweza. Angetukanwa angenyamaza, lakini kusamehewa kwa uongo wake mwenyewe kulimshinda.

"Ile ni chai," akasema.

"Chai gani?"

"Ya kwenye chupa. Chai ya rangi. Naipika mimi mwenyewe jikoni kwangu. Hajawahi kunywa pombe maishani mwake, ana vidonda vya tumbo."

Msusi akautoa mkono kwenye goti. Alikaa akiangalia ukuta wa mbele yake, mahali palipobandikwa tangazo la kunawa mikono, akalisoma kana kwamba ndilo lililomwambia.

"Kwa hiyo mwanangu amekunywa pombe kuliko Tufani," akasema.

"Mwenzangu..."

"Na sare yake ya shule. Amemzidi mlevi wenu mkubwa. Siku zote hizi nawasuka watu wenu kwenye chumba kimoja na hiyo chupa, naipisha nisiiangushe, nawaambia watoto, angalieni pombe ya mjomba! Na wewe umekaa hapo na sindano yako unanitazama."

"Nilidhani chai haimdhuru mtu."

"Haikumdhuru aliyeinywa," alisema Msusi.

Muuguzi alitoa kichwa mlangoni, akawataka wapunguze sauti. Msusi alipunguza, na ikawa mbaya zaidi.

"Inuka uende zako. Usinililie hapa, machozi yako hayanisaidii kitu. Watoto wa kesho nao wana mama zao kama mimi, na wanakwenda pale kila mmoja na kichupa chake. Nenda huko. Kazime mlichokiwasha."

Jioni hiyo Dada aliingia kwa mdogo wake bila kubisha hodi. Nyumba nzuri, vigae vinang'aa, na mapazia yamefungwa mchana na usiku kwa sababu ya watu wa ng'ambo ya ukuta wanaongoja apige chafya waipige picha. Tufani alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kochi, anatafuna vidonge vyake vya tumbo. Meneja alikuwa amekaa kwenye kochi lenyewe, amevuka miguu.

"Nimeshapanga," Meneja akaanza kabla hajaulizwa. "Jumapili tunakwenda hospitali, tunapeleka maua, mpiga picha anakuja. Tufani anamshika mtoto mkono. Watu watalia, Dada. Lakini kesho kwanza. Kesho wale wa kampuni ya vinywaji wanakaa safu ya mbele, ndio wanasaini. Kesho si ya kuchezea."

"Toka nje," alisema Dada.

"Samahani?"

"Naongea na ndugu yangu. Toka nje, nenda kashike simu zako."

Meneja alimtazama Tufani ili atetewe. Tufani hakuinua uso. Meneja akatoka akinong'ona kuhusu wanawake na biashara, na mlango ulipofungwa Dada akabaki amesimama, mkoba begani.

"Kesho utawaambia," alisema.

"Niwaambie nini?"

"Usijitie hamnazo, mimi nimekubadilisha nepi. Utawaambia ni chai. Kabla ya ule wimbo, kabla hawajafungua vichupa vyao."

Alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa. "Dada, unajua siku tunamzika mama nilisikia nini? Nimeshika koleo, natia udongo, juu ya ukuta wa makaburi kuna vijana wanapiga kelele. Kausha, Tufani! Kausha! Mama yangu hajafunikwa. Na mimi nilifanya nini? Niligeuka nikawapungia. Nikawapungia mkono, Dada! Kwa sababu wakiniona nalia watasema nimeisha." Akajifuta pua. "Unadhani naipenda hii? Siwezi kwenda dukani kununua sabuni. Nameza vidonge chooni kama mwizi. Lakini nikisema ni chai, mimi ni nani? Nitakuwa yule kijana wa magoti yanayocheza, na muongo juu yake. Watanichana."

Dada alimsikia, na alimhurumia, maana huyu ndiye mtoto aliyembeba mgongoni. Lakini hasira haikushuka. Ilikuwa imekaa pale pale, nzito, na huruma imekaa pembeni yake, hazisalimiani.

"Kwa hiyo unaogopa kuchanwa," alisema. "Yule aliyelala pale kachanwa tayari. Hujamuuliza. Nimeingia humu, umenieleza ya mama, umenieleza ya sabuni, hujauliza kama yule mtoto anapumua."

Tufani akafunika uso kwa mikono.

"Anapumua?"

"Anapumua kwa msaada wa watu. Kesho unaweza kuwapata kumi kama yeye, au mia, wote kwa mpigo, huku wewe umeshika kipaza sauti unawahesabia. Na mimi ndiye nimepika."

Tufani akashusha mikono usoni. Kisha akasema, kwa sauti ya utotoni, kwamba atasema. Kabla ya ule wimbo. Dada amtengenezee chupa kama kawaida, aipandishe, awaonyeshe, awaambie. Asimwambie Meneja.

"Apa."

"Haki ya mama aliyetuzaa, nitasema."

Asubuhi Dada alipika. Alichuja kwa kitambaa, akachuja tena, akaishika dirishani. Alikuwa anabana kifuniko kwa gundi simu ilipolia, na alikuwa Msusi.

"Amefumbua macho," alisema Msusi.

Dada akakaa kwenye kigoda. Alitaka kushukuru lakini Msusi hakumpa nafasi.

"Usishangilie. Unajua neno lake la kwanza? Mimi mama yake nimekesha pale, nimeshika mguu wake usiku kucha. Kafumbua macho, kanitazama, kaniuliza, 'Mama, nilikausha yote?'" Sauti ya Msusi ikakatika, ikarudi. "La pili kauliza kama video imetoka. Ndiyo hivyo. Nilitaka ujue."

Akakata simu. Binti wa Dada alikuwa mlangoni, amesikia. Alichukua kitambaa cha kuchujia, akakikamua, akamkabidhi mama yake.

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Watoto tupu. Wengine walikuwa na sare ambazo hazijafuliwa tangu jana, wamezifunga kiunoni, wengine wamevaa fulana zenye sura ya Tufani akiwa amepinda shingo. Mlangoni walinzi waliwapapasa juu juu tu, na Dada, aliyesimama nyuma ya pazia la pembeni na mkoba wake wa cherehani wenye chupa tupu ya akiba, na birika la chai ya akiba, aliona soksi zilizovimba, aliona vifua vilivyovimba, aliona mvulana anamkonyeza mwenzake na kujigusa mfukoni. Safu ya mbele, kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, walikaa watu wazima wa kampuni, suti na vicheko.

Tufani aliimba nyimbo zake za mwanzo vizuri. Aliimba vizuri kuliko siku zote, na Dada akapata tumaini. Kisha muziki ukakatika. Taa zote zikamwangukia. Akaichukua chupa juu ya kimeza chake, na chini yake ukumbi mzima ukainama kama shamba lililopigwa na upepo, soksini, mifukoni, vifuani, wakainuka na vichupa vya plastiki mikononi. Vilikuwa vingi kiasi kwamba taa zilimetameta.

Hata Tufani alishtuka. Dada alimwona akishtuka. Akamwona anageuza uso kumtafuta nyuma ya pazia, naye Dada akamwinamishia kichwa: sema.

"Vijana wangu," Tufani akaanza. "Leo nina neno. Nataka niwaambie siri."

Wakanyamaza. Mara moja, wote. Wangemsikiliza angewaambia wavue viatu wakavitupe mtoni.

"Hii chupa..." Macho yalimteleza mpaka safu ya mbele, kwenye suti, kisha kwa Meneja aliyekuwa amejibanza upande wa pili wa jukwaa. "Hii chupa mnayoiona. Kuna watu wanasema... wanasema eti ndani yake ni chai!"

Alilisema neno lile kwa kulivuta, na mwisho wake akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililoua kila kitu. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watoto wakashikana mabega. "Chai! Eti chai!" Suti za mbele nazo zikacheka. Na Tufani, Mungu anamwona, akacheka nao. Mabega yakamshuka, uso ukamfunguka, kama mtu aliyelipa deni, akakisogeza kifuniko kwenye kipaza sauti.

"Mko tayari?" akauliza.

Dada hakukumbuka baadaye alivyofika jukwaani. Alikumbuka tu mwanga ulivyokuwa mkali, na kwamba aproni yake ya jikoni ilikuwa bado kiunoni. Alipita mbele ya mdogo wake kana kwamba anapita jikoni kwake, akalitua birika kwenye kimeza, akafungua mkoba wa cherehani, akatoa chupa tupu yenye nembo, ile ya akiba, na kifuniko chake, kitambaa cha kuchujia na gundi.

"Dada," alinong'ona Tufani. "Dada, usinifanyie hivi."

Dada angeanza kuongea angetukana, na matusi yangewapa sababu nyingine ya kucheka. Akafanya kazi. Akaweka kitambaa mdomoni mwa chupa, akainua birika, akamimina. Mpiga picha wa skrini kubwa, kwa mazoea tu, akaisogeza kamera, na mikono ya Dada ikaonekana ukutani, mikubwa kama milango, na chai ikishuka ndani ya chupa, rangi ile ile. Akaiinua kwenye taa kama alivyozoea kuiinua dirishani. Akatoa kitambaa. Akazungusha kifuniko, tone la gundi, akakibana, akapuliza, akangoja ishike.

Kicheko kilianza kufa mbele, kikafa kwenda nyuma. Upande wa pili Meneja alikuwa anampungia fundi mitambo, anajikata koo kwa kidole: zima, zima! Fundi mitambo akawa anatazama mikono ya Dada ukutani kama wengine.

Dada akakisogeza kifuniko kwenye kipaza sauti na kukizungusha.

Kra.

Hakuna aliyesema kausha. Akaenda mpaka ukingo wa jukwaa, akamwinamia msichana aliyesimama chini ya jukwaa, mwenye fulana ya Tufani na kichupa kilichokwisha kufunguliwa.

"Onja," akamwambia, akimpa chupa. "Usiogope, mama. Onja uwaambie."

Msichana akaonja. Akalamba midomo. Dada akamshushia kipaza sauti.

"Ni chai," alisema yule mtoto, na akaongeza kwa mshangao wa kweli, "tena haina hata sukari."

Wakati mwingine wangecheka. Sasa walikuwa wanatazamana, na kutazama vichupa walivyoshika, na wengine kutazama wenzao ambao macho yao yalikuwa tayari mekundu. Katikati ya ukumbi mvulana mmoja alisimama juu ya kiti, sauti yake ndiyo kwanza inabadilika, ikampasuka alipopiga kelele.

"Kwa hiyo sisi ndio tulikuwa tunalewa?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Tufani. Yeye akamtazama Meneja. Akatazama suti, mbili tatu zilikuwa zimeshasimama zinatafuta njia ya kutokea. Koti la kijani lilikuwa limemlowa kwapani.

"Mjibu mtoto," alisema Dada.

"Ndiyo," alisema Tufani. Ilitoka ndogo, lakini kipaza sauti kiliibeba. "Nyinyi ndio mlikuwa mnalewa. Mimi sijawahi."

Kichupa cha kwanza kilitoka kwa yule yule mvulana. Kilizunguka hewani kikimwaga, kikampiga Tufani kifuani, pombe ikamrukia shingoni. Cha pili kilimpata bega. Kisha vikaja vyote, kutoka kila kona, pamoja na matusi na kilio, maana wengine walikuwa wanatupa huku wanalia, na jukwaa likaanza kunuka. Tufani akajikinga uso kwa kiwiko, akageuka kukimbilia pazia.

Dada alimdaka kwa ukosi. Akamgeuza, akamrudisha mbele kwenye mwanga, akasimama naye ubavuni, vichupa vinampiga na yeye mgongoni na tumboni.

"Dada, twende! Wataniua!"

"Ni plastiki, huwezi kufa," alisema Dada, na hakumwachia. "Simama hapo hapo. Kila kinachotua hapa hakuna mtoto aliyekinywa. Simama mpaka viishe."